Kanda Isiyo na Sauti ya Bashir

Malaba
19 Novemba 1978

Kaka Bashir,

Kabla hujaendelea, funga mlango. Ukimaliza kusoma, ichome barua hii, na usimsomee mtu hata mstari mmoja, wala hao marafiki zako wa Kampala mnaoswali nao Ijumaa huko Leicester. Hasa hao. Nakuomba kama dada yako wa pekee.

Assalaam alaykum. Huku tuko salama. Mama bado anauza vitenge vyake karibu na msikiti pale Busia, ingawa wateja kutoka ng'ambo ya mpaka wamepungua na goti lake linamsumbua kukiwa na mvua. Mjomba Mutwalibu amepata mtoto wa kike. Mimi bado ni karani kwa Mzee Odeke, katika ofisi yake ya kutoa mizigo forodhani. Foleni ya malori ni ndefu kuliko ulivyoiacha, na madereva wanapika chini ya matela. Vita vinapiganwa mbali, upande wa kusini kabisa wa Uganda, lakini hapa mtu hawezi kusema bei ya mayai kabla ya kutazama nyuma yake. Juzi askari kanzu walimchukua mwuza mitumba mmoja kwa sababu waya wa redio yake ulifika hadi juu ya paa. Hajarudi.

Sasa jambo lenyewe. Sanduku lako limefika kwa treni. Kwa nini hukuniambia ni kitu gani? Tulipolifungua forodhani tukaona chuma, kioo kama cha televisheni, herufi kama za taipureta, na mahali pa kutia kanda ya kaseti. Kwenye karatasi zake uliandika "kompyuta ya nyumbani". Bwana Ogola wa forodha alipekua kitabu chake cha ushuru mbele na nyuma, hakuipata. Akaniuliza, "Safia, kompyuta si ni ya serikali na benki? Nyumbani inatafuta nini?"

Mzee Odeke alikuwa Eldoret. Nikachukua fomu nyingine, nikaandika "taipureta" kwa sababu ya zile herufi, nikatia sahihi yangu. Ogola akagonga muhuri kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika. Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri. Mtu akiuliza kwa nini taipureta ina kioo, sahihi ni yangu, si yako.

Tena kuna hili. Barua yako ya mwezi wa tisa haikuandikwa kwa mkono. Herufi zote zilikuwa za vitone vitone, hata jina lako pale chini. Nitajuaje kwamba ni wewe? Nijibu kwa mwandiko wako, na uniambie tulivunja nini siku ya harusi ya Mjomba Mutwalibu tukamsingizia mbuzi. Usipolijibu hilo, sitaandika tena.

Safia

*

Leicester, Uingereza
10 Desemba 1978

Mpendwa dada Safia,

Waalaykum salaam. Tulivunja taa ya karabai, ile ya kuazimwa kwa jirani, na mbuzi wa watu alifungwa kamba fupi hadi harusi ikaisha. Umeridhika? Huu ndio mwandiko wangu, na bado ni mbaya.

Mimi ni mzima. Baridi imeanza, na nimenunua koti la mtu aliyekufa. Ni zito na zuri. Masomo yanaendelea. Mpe Mjomba hongera zangu na umwambie Mama asikae kwenye sakafu ya saruji.

Barua ile ya vitone iliandikwa na mashine ya dukani, ndugu ya hiyo uliyonayo. Nilidhani utafurahi. Nisikilize, Safia. Miaka michache iliyopita kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba kizima, chenye baridi yake na watu wake wa makoti meupe, na wewe na mimi tusingeruhusiwa hata kufagia humo. Kisha watu wa kawaida wakaanza kununua vipande kwa posta, wakawa wanaviunganisha wenyewe jikoni, meza imejaa waya na mke amenuna. Sasa zinauzwa zikiwa tayari. Unachomeka ukutani kama redio. Katika duka ninalosaidia nimemwuzia dereva wa basi, na mama mmoja anayetaka kuhifadhi michoro ya masweta yake. Hawajui hasa watazifanyia nini. Wanazitaka tu ziwe nyumbani. Jumamosi watoto hujaa dukani, kila mmoja anaandika jina lake, mashine inamsalimu kwa jina, wanacheka hadi mwenye duka anawafukuza.

Yako ilirudishwa na mteja ikiwa mbovu. Nimeitengeneza mwenyewe. Nataka siku moja mtu akiingia sebuleni kwa Mama akute kitu ambacho hata meneja wa benki hana kwake. Na nikirudi, nitafungua duka la namna hiyo Busia. Usiogope. Haina sauti wala masikio.

Nimemtumia Mama kanda kwa posta. Itunzeni karibu na mashine.

Kaka yako,
Bashir

*

Malaba
14 Januari 1979

Kaka Bashir,

Salaam. Mama anakusalimu, na Shangazi Aidah pia. Mtoto wa Mjomba amepewa jina la Zainabu. Goti la Mama halijambo.

Unasema haina sauti. Basi nikueleze kilichotokea sebuleni kwetu Busia.

Umesahau kwamba ukituma kanda nyumbani, ni wewe umekuja. Mama alipika chai ya tangawizi na mandazi, akatandika mkeka, akaita majirani. Shangazi Aidah alianza kulia hata kabla kinasa sauti hakijafunguliwa, kama afanyavyo kila mara. Mama alibonyeza, akakohoa kidogo kwa niaba yako, kwa sababu wewe hukohoa kabla ya kusalimia. Tukasubiri.

Kikatoka kilio. Sijui nikiite nini kingine. Kama nyigu waliofungiwa ndani ya debe, kinapanda, kinatetemeka, hakipumui. Mama alidhani unateswa. Alikishika kile kinasa sauti kwa mikono miwili akakiita jina lako. Shangazi akaanza kusoma dua. Nikageuza upande wa pili: kilio kilekile. Ndipo Beldina, yule mwuza omena, akaweka kikombe chini akasema taratibu, "Hiyo naijua. Nikitafutanga stesheni ya Kampala, inapitanga hapo katikati. Ni ya watu wa siri."

Watu waliondoka na mandazi yakabaki. Hiyo peke yake, Bashir, ingetosha kukueleza hali yetu.

Siku chache baadaye Opolot, fundi redio wa hapa Malaba, alisimama mlangoni kwangu. Hajawahi kufika kwangu. Alisema amesikia nina televisheni ya Uingereza, akaomba aione kwa ndani. Nilimwambia sina. Akatabasamu, akasema, "Sawa, dada. Nilidhani tu." Fundi redio anafahamiana na kila mtu, hata wale wanaosikiliza. Siku iliyofuata nilihamisha sanduku. Usiniulize limekwenda wapi.

Na bahasha yako ilifika imefungwa kwa gundi ya unga. Huko Uingereza mnafunga barua kwa unga?

Niambie ukweli: kile kilio kinamwita nani?

Safia

*

Leicester
6 Februari 1979

Mpendwa dada Safia,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea. Theluji imefunga njia, watu wa takataka wamegoma, mji unanuka hata kwenye baridi.

Hakimwiti mtu. Nisamehe, kosa ni langu. Nilipaswa kuandika kwenye kanda kwamba si ya kusikiliza. Mashine haina mahali pengine pa kuweka kumbukumbu yake. Maagizo yake hugeuzwa kuwa mlio, mlio hunaswa kwenye kaseti ya kawaida, na siku nyingine unaurudishia. Ile ni chakula chake. Mlikaa kwenye mkeka kusikiliza chakula. Nimemwonea Mama huruma, na pia, nisikufiche, nilicheka.

Kwa vile mnaiogopa kanda, iacheni. Ipo njia nyingine. Karatasi ya pili ina mistari michache, kila mstari una namba yake mbele. Chomeka mashine penye stima, uiandike mistari hiyo kama ilivyo, itakusalimu kwa jina kama inavyowasalimu watoto wa Jumamosi. Mwonyeshe Ogola. Mwonyeshe na huyo Opolot. Akiona inamwambia hujambo, atajua ni kitu cha nyumbani.

Lakini mashine iko wapi, Safia? Nimeuliza kwa upole, na sasa nauliza hivi: umeiuza? Kama umeiuza, sema. Najua maisha ya hapo. Nisingependa tu kusikia kwa watu.

Bashir

*

Busia
4 Machi 1979

Kaka Bashir,

Salaam. Mama ni mzima. Niko kwake, nimepewa likizo.

Bahasha yako imefika. Karatasi ya pili haikuwemo.

Namba, Bashir. Mstari baada ya mstari wenye namba, kama ulivyosema mwenyewe, kwa dada anayeishi mpakani, mwaka huu. Kama ungetaka kunimaliza usingeandika vingine.

Uliuliza kama nimeiuza. Hilo nimeliweka moyoni. Na mimi nina langu: katika barua zako zote hujataja mwalimu hata mmoja. Hapo zamani ulituchosha na habari za maprofesa. Tena anwani iliyo nyuma ya bahasha hii ni ya chumba kilicho juu ya duka. Wale ndugu waliokuchangia karo kwenye harambee bado wananisimamisha njiani kuniuliza utamaliza lini. Nawajibu kwamba masomo yanaendelea.

Usiandike tena hadi nikwambie.

Safia

*

Leicester
25 Machi 1979

Dada Safia,

Umenikataza, na naandika.

Jamiru, mtoto wa mwenye duka la viatu, amefika London na kaniletea kanda kutoka kwa Mama. Niliifungua nikaona ni ileile yangu. Bila shaka: kanda ikija, majibu hurudi juu yake. Ndivyo tulivyofanya siku zote, na nilikuwa nimesahau. Kazi yangu ya miezi mingi imefutwa, na juu yake Mama ananisalimu. Nimeisikiliza mpaka wenye nyumba wamenigongea ukuta.

Anasema goti. Anasema bei ya sukari. Anasema Shangazi amenunua kuku. Kisha anashusha sauti, nadhani ulikuwa uani ukifua, anasema, "Mwanangu, Safia anakwambia yuko likizo. Hakuna likizo. Watu wawili walimtoa ofisini kwa Odeke, wakakaa naye mahali, akarudi hana saa yake na hataki kuulizwa. Wamempa hadi mwisho wa mwezi wa nne awapelekee hiyo kitu, ama watarudi wachukue yeye. Na yeye hataki kusema iko wapi, anasema ni ya kaka yake. Mwambie aitoe." Baada ya hapo anakohoa kama ninavyokohoa mimi, anamaliza. Na pale sauti yake inapokatika, mlio unaendelea kutoka ulipofikia.

Kwa hiyo hukuiuza. Uliilinda, nami nikakuita mwizi. 

Wape, Safia. Usiwape ikiwa imezimwa. Ikizimwa inaonekana kama kitu kinachoficha jambo. Iwashe mbele yao. Ile karatasi ya pili bila shaka wanayo wao. Waambie wailete, uandike yaliyomo, wao wenyewe waandike majina yao. Nimeambatanisha barua ya Kiingereza yenye jina langu, anwani yangu na sahihi, inayosema ni mali yangu na hukujua ni nini. Ikibidi mtu achukuliwe, nichukuliwe mimi nikija.

Hilo lingine uliloliuliza, la walimu. Acha nilijibu nikiwa nimekaa mbele yako.

Bashir

*

Nangina
20 Mei 1979

Kaka Bashir,

Assalaam alaykum. Mama ni mzima. Shangazi ni mzima. Zainabu mdogo ameota jino. Vita vya ng'ambo vimekwisha, wanasema, na malori yameanza tena kupita, lakini watu bado wanazungumza kwa kunong'ona. Nadhani wamezoea.

Nilisubiri hadi siku za mwisho nilizopewa. Mashine ilikuwa Amukura, katika stoo ya Asio, yule rafiki yake Mama anayenunua pamba, chini ya magunia matupu. Sasa unajua. Nilikwenda kwanza kwa Bwana Ogola nyumbani kwake, kwa sababu muhuri wake uko kwenye ile fomu kama sahihi yangu, na nilidhani mtu anayeogopa pamoja nami atanisaidia. Aliniambia nisimwambie mtu nimefika kwake. Kisha akanipeleka kwa wale watu.

Mashine ililetwa, tukakutana katika gesti moja ya Malaba yenye jenereta, chumba cha kulia chakula, mchana, milango imefungwa. Alikuwepo Ogola, na mtu wa koti la kijivu, mmoja wa wale wawili walionichukua ofisini; jina lake hakulisema kwangu hata siku moja. Na nani yuko nje kwenye jenereta? Opolot. Nilipomwona nikasema moyoni, ndiye, ni yeye tangu mwanzo.

Niliwasha. Kioo kikapata nuru. Yule wa koti akatoa mfukoni karatasi yako ya pili, imekunjwa hadi imechanika kwenye mikunjo. Sijui imepita mikononi mwa watu wangapi walioshindwa kuisoma. Akaniambia niandike. Niliandika, nikakosea, nikaanza upya. Mashine ikauliza: JINA LAKO NANI?

Hakuna aliyetaka kusogea. Mwishowe wa koti akamwambia Ogola aandike. Ogola akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kana kwamba itamwuma. Mashine ikajibu: HUJAMBO OGOLA. KARIBU NYUMBANI.

Bashir, ungeona. Ogola alisimama kiti kikaanguka. "Hii kitu imenijua aje?"

"Umeiambia mwenyewe, boss," nikasema.

"Mimi nimeandika. Sijaiambia."

Yule wa koti hakucheka. Aliniuliza jina hilo limekwenda wapi sasa. Nilimwonyesha kwamba hakuna waya unaotoka ila ule wa stima. Akasema taratibu, "Waya si lazima. Kitu ikishajua jina ya mtu, inaweka. Leo Ogola, kesho mimi. Nani atakuja kuisomea hayo majina?" Nilitoa barua yako ya Kiingereza. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni pamoja na ile karatasi. Niliona kwamba salamu zako zimenimaliza. Wewe ulidhani mtu akiitwa kwa jina atafurahi. Hapa kwetu mwaka huu, kuitwa kwa jina ndicho kitu tunachokiogopa.

Ndipo jenereta ikakohoa, ikazimika. Kioo kikawa cheusi.

Wa koti akapiga kelele kumwita Opolot. Stima ikarudi, mashine ikawaka, tupu. Akaniamuru niiulize jina la Ogola. Nilijaribu. Haikuwa na jina. Haikuwa hata na yale maagizo niliyoiandikia.

"Imesahau?"

"Ikikosa stima inasahau kila kitu, mzee."

"Hata huyu?" Akamwonyesha Ogola.

"Hata mimi niliyeiandikia."

 Wa koti akamwambia Opolot aizime jenereta na kuiwasha tena. Tupu. Basi akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani. "Jasusi gani huyu? Hata mama mkwe wangu wa miaka themanini angeshika jina." Ogola naye akacheka, kwa sauti kubwa kupita kiasi, na akaokota kiti chake.

Walipokuwa wakifunga mlango nilimwuliza wa koti nani alileta habari zangu. Alinitazama kama anayemtazama mtoto. Akasema, "Si mama yako? Alitangazia soko mzima kijana yake ametuma mashine ya kuongea kutoka Uingereza." Sijamwambia Mama. Nawe usimwambie.

Sijui kama jenereta ilizimika au ilizimwa. Opolot alikuwa anakunja waya, hakuniangalia. Nilimsalimu. Alisema, "Sawa, dada," vilevile kama siku ile mlangoni. Nimemfikiria sana tangu hapo. Sina la hakika.

Saa yangu haikurudi. Barua yako haikurudi. Mzee Odeke alinipa mkono na kuniambia biashara ni ndogo siku hizi. Ogola aliandika fomu mpya kwa mkono wake, "televisheni mbovu", akagonga muhuri, na mashine imekwenda kwa Mama. Iko sebuleni kama ulivyotaka, juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Nyumba haina stima. Wageni wakiuliza, Mama anasema ni ya Bashir, anakuja kuiwasha. Meneja wa benki hana kama hiyo, ni kweli.

Mimi nimepata ukarani huku Nangina, kwenye hospitali ya misheni. Hakuna foleni ya malori, na usiku unasikia vyura tu. Bado naangalia gundi ya kila bahasha.

Lile la walimu sitaliuliza tena. Njoo ulijibu ukiwa umekaa, kama ulivyosema. Hata kama umekuja bila cheti. Ndugu wa harambee niachie mimi, nimeshawazoea.

Sasa shika haya. Usiandike kwa sanduku la posta la Odeke, wala kwa Mama, kwa sababu atamsomea Beldina. Andika kwa Phelister, mshonaji wa sare za wauguzi wa hospitali hapa Nangina, na kwenye bahasha usiweke jina langu. Barua iwe kwa mwandiko wako mbaya, bila namba, ila tarehe. Bahasha ilambe, usitumie gundi. Ukipata mtu anayekuja, mpe kanda ashuke Funyula, amwulize yeyote kwa Phelister mwenye cherehani. Kanda iwe na sauti yako tu. Na kabla hujasema neno, kohoa. Nisiposikia kikohozi, nitaizima, na Mama hataisikia kabisa.

Safia